Everyman ya Liverpool: jengo nyota tano, mahesabu nyota mbili

Mbele ya ukumbi wa maigizo wa Everyman, mtaa wa Hope Street, kuna vibao 105 vya chuma vyenye picha za wakazi wa Liverpool, watu wa kawaida tu. Si pambo tupu: vibao hivyo huzungushwa kukinga vyumba vya mbele dhidi ya jua la alasiri. Jengo zima limefikiriwa hivyo, na mwaka 2014 liliipatia kampuni ya Haworth Tompkins tuzo ya Stirling, ambayo kwa wasanifu majengo wa Uingereza hakuna kubwa zaidi.

Ukumbi wa awali ulifunguliwa 1964 ndani ya jengo lililokuwa kanisa katika karne ya 19. Ulibomolewa 2011, ukajengwa upya kwa takriban pauni milioni 28, ukapokea watazamaji tena Machi 2014. Matofali 25,000 ya jengo la zamani yaliokolewa na kujengewa kuta za ukumbi mpya. Uamuzi mzuri, na si kwa ajili ya kumbukumbu peke yake: ukuta wa tofali lenye mikwaruzo hutawanya sauti, wakati ukuta laini huirudisha kama mwangwi.

Viti ni 400 hivi, vikizunguka jukwaa pande tatu. Kata tiketi ya katikati. Pembeni utakuwa karibu sana na waigizaji, lakini mwongozaji akiwa mvivu wa kuwazungusha, utatazama migongo.

Sifa kubwa iko usipoiona. Ukumbi hauna mngurumo wa viyoyozi, kwa sababu hewa huingia polepole kupitia nafasi iliyo chini ya sakafu, ikipita kwenye zege baridi, kisha hupanda yenyewe ikishapata joto na kutokea kwenye minara minne ya matofali juu ya paa. Mtu aliyekaa hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 400 ni kilowati 40, bado taa. Joto hilohilo ndilo linalosukuma hewa nje. Udhaifu wa mfumo wa namna hii ni kwamba zege lazima lipoe usiku. Usiku wa joto ukifuatana na mwingine, zege huanza siku likiwa na joto la jana.

Sasa fedha. Ruzuku ya ujenzi hulipa zege na matofali. Mshahara wa fundi taa hailipi. Mwaka 2017 Everyman ilirudisha kundi la kudumu la waigizaji, 14 kwa jumla, wakibadilishana michezo msimu mzima. Baada ya msimu wa 2018 mpango ukafa, mauzo ya tiketi yakiwa chini ya matarajio. Piga hesabu ya mfano: viti 400, maonyesho 8 kwa wiki, ni tiketi 3,200. Ukiuza asilimia 60 kwa wastani wa pauni 18, unapata pauni 34,560. Humo watoke waigizaji, mafundi, mandhari, haki za mwandishi, matangazo, umeme na usafi. Jumba likijaa pia huwezi kuongeza kiti cha 401. Na bodi ya Everyman inaendesha pia ukumbi wa pili, Playhouse, wenye paa lake na bili zake.

Kuna kumbi zilizoumia zaidi. Northcott, ukumbi wa maigizo wa mji wa Exeter, ilikarabatiwa kwa pauni milioni 2.1 mwaka 2007, na Februari 2010 ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Kamati yoyote inayotaka kukarabati ukumbi wa mkoa ingeandika bajeti ya miaka mitatu baada ya kukata utepe kabla haijachagua rangi ya viti.

Ukienda, nenda mapema ule na kunywa hapohapo. Sehemu ya pesa ya tiketi huenda kwa mwandishi, na mchezo ukiwa wa wageni, kundi lao nalo huchukua fungu. Faida ya supu na bia haidaiwi na yeyote kati yao.