Uzoefu wangu: Nilivyompata babu wa Keya kwa namba iliyofifia

Kwenye bati la biskuti la bibi yangu (dada yake babu), huku Kibosho, kuna kadi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Ni kadi ya posho. Familia ya askari ilikuwa ikienda nayo bomani Moshi kupokea fedha zilizokatwa kwenye mshahara wa kijana wao aliyekuwa vitani. Wino umekuwa rangi ya chai. Jina halisomeki tena. Namba inasomeka, isipokuwa tarakimu ya mwisho, ambayo ni 1 au 7. Kadi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwa kaka yake babu, baada ya miaka 80 ya ukoo mzima kusema tu, "Yule alibaki Bama," yaani Burma, Myanmar ya leo.

Naandika kwa ajili ya wenye wazee waliokuwa Keya, yaani King's African Rifles, na hasa ambao hawakurudi. Huduma niliyotumia ni tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC kwa kifupi. Tume hiyo ilianzishwa 1917, na orodha yake ina majina ya watu wapatao milioni 1.7 waliokufa katika vita kuu mbili. Kutafuta ni bure, hata kujisajili si lazima, na simu ya kawaida yenye bando inatosha. Nimeridhika nayo sana. Lakini nilipoteza karibu mwaka mzima kwa sababu nilianza vibaya.

Nilianza na jina. Jina letu la ukoo linaanza na Nd, kama majina kadhaa ya Kichagga. Niliandika lilivyo, nikaongeza herufi, nikapunguza, nikaweka jina la ubatizo mbele, nikaweka nyuma. Sikupata kitu. Nikaamini kwamba walimsahau.

Hapo ndipo nilipoangukia kwa mtu mmojawapo wa wale wanaodai kufuatilia mafao ya askari wa zamani. Alinionyesha fomu zenye mihuri, akasema faili la mzee liko Uingereza, na kwamba malimbikizo yake yanasubiri mrithi. Nilimpa shilingi 150,000 za kuanzia. Hakuna karatasi hata moja niliyoiona baada ya hapo, na simu yake ikawa haipatikani. Kilichoniuma zaidi ya hela ni kwamba bibi alikuwa ameshaanza kusubiri. Orodha ya tume iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo anayekudai fedha ili tu atafute jina humo anakuuzia kitu cha bure.

Kadi niliipata kwa bahati. Nilikwenda kumwamkia bibi, tukawa tunaongea habari za kaka yake, akasema, "Mbona karatasi yake ninayo?" Miaka yote hakuna aliyemuuliza. Yeye ndiye mdogo wao wa mwisho, ana miaka 90 hivi. Kaka yake alipoandikishwa 1942 alikuwa mtoto wa miaka 7 hivi. Anakumbuka kwamba aliondoka asubuhi, akashuka kwa miguu kuelekea Moshi mjini, na kwamba alikuwa amevaa koti la baba yao lililompwaya mabegani.

Tovuti ina sehemu ya kutafuta kwa namba ya jeshi. Nilijaza namba inayoishia na 1, sikupata kitu. Nikajaza 7. Akatokea mtu mmoja tu: askari wa King's African Rifles, batalioni ya 26 ya Tanganyika, aliyefariki Novemba 1944. Jina lilikuwa letu kabisa, ila lilianza na D. Karani aliyemwandikisha hakuisikia ile N, au aliisikia akaona haina kazi. Herufi moja ndiyo iliyomficha kwetu muda wote huo.

Kwa hiyo, kama unayo namba ya jeshi, anza nayo. Inaweza kuwa kwenye kadi ya posho, kwenye barua, kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, hata nyuma ya picha. Huna namba? Basi usianze na jina. Acha sehemu ya jina wazi, chagua Vita Kuu ya Pili, andika King's African Rifles kwenye sehemu ya kikosi, weka mwaka, kisha pakua orodha nzima, kwa sababu inakuja kama jedwali la Excel. Isome polepole ukitamka kila jina kwa sauti. Makarani waliandika walichosikia, wakati mwingine wenyewe hawajui lugha ya anayeandikishwa. Jicho litalipita jina la mzee wako lililoandikwa vibaya, lakini sikio linaweza kulitambua.

Tovuti pia inakueleza mtu amekumbukwa wapi. Wa kwetu hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu uitwao Rangoon Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Taukkyan, kaskazini mwa jiji la Yangon. Hapo kuna nguzo zenye majina ya askari karibu 27,000 waliokufa Burma na miili yao haikupatikana au haikutambuliwa. Rekodi inataja mpaka upande wa nguzo ambapo jina lake lipo, na unaweza kuchapisha cheti chenye taarifa zake. Nilikichapisha kwenye steshenari karibu na stendi kuu ya Moshi. Kijana wa pale alipoona neno Tanganyika akauliza huyu ni nani, na nikamweleza mpaka foleni ikaanza kulalamika.

Sasa mapungufu, na haya ni makubwa. Orodha hii ni ya waliokufa tu, kati ya Agosti 1914 na Agosti 1921, na kati ya Septemba 1939 na Desemba 1947. Kama babu yako alirudi salama, akalima kahawa yake na kufa 1985, humo hayumo. Aliyekuwa askari wa Mjerumani usimtafute humo pia, maana tume inawahesabu waliokuwa upande wa Uingereza na himaya yake.

Na kama mzee wenu alikuwa mbeba mizigo wa vita vya kwanza, wale wa Carrier Corps ambao jina lao limebaki kwenye mtaa wa Kariakoo, jiandae kutoona chochote. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000. Huku kwetu hiyo si habari ya mbali. Taveta, ambako vita hivyo vilipiganwa, ni mwendo mfupi kutoka Himo. Waliobeba zile risasi na magunia ya unga walikuwa na mama zao na walikuwa na majina.

Kwa anayetaka zaidi ya jina na tarehe, hatua inayofuata ni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza (The National Archives), Kew, London. Shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku, za vikosi vilivyokuwa Burma ziko kwenye fungu linaloitwa WO 172. Unaweza kuagiza nakala kwa malipo, lakini mwenye ndugu kule amtume. Kadi ya msomaji ni bure, na unaruhusiwa kupiga picha kurasa kwa simu yako. Binamu yangu alikwenda siku moja akanitumia kurasa za Novemba 1944 kwa WhatsApp.

Nilizisoma usiku mzima. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo batalioni yake ilikuwa, ilikuwa imeteremka bonde la Kabaw tangu Agosti, kipindi cha masika ya kule, bonde lenye malaria kali, ikiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Mji wa Kalewa ulitwaliwa mwanzoni mwa Desemba. Wa kwetu alikufa wiki chache tu kabla. Kwenye shajara maofisa wameandikwa kwa majina. Siku ile ya kwake kuna mstari mmoja wa taipu unaosema askari Waafrika wawili wameuawa, basi. Nilijua mmoja wao ni nani, na niliukuza ule mstari kwenye simu mara nyingi kana kwamba jina lingetokea.

Jumapili nilimpelekea bibi zile karatasi. Nikamsomea jina lilivyoandikwa, kwa D. Akanikatiza pale pale: "Siyo hivyo, mjukuu wangu," akalitamka mwenyewe, taratibu, mara mbili.

Tume inapokea maombi ya kusahihisha rekodi ukiwa na ushahidi. Paroko alitupatia nakala ya cheti cha ubatizo, ambacho kina jina sahihi pamoja na N yake, nikaituma na picha ya kadi. Sehemu ya kuandika wazazi kwenye rekodi yake ilikuwa tupu, nikajaza jina la baba yao. Bibi ameniambia niwaandikie tena, niongeze na la mama.