TAHADHARI: Anayeuza printa za picha Malindi anauza tepe za wino zilizokwisha kutumika

Nimekaa siku nne sijaandika kwa sababu ya aibu. Nikifumba macho namwona mama wa bibi harusi amesimama na ile picha, ameishika kwa ncha za vidole, ananitazama. Leo naandika kwa sababu Maulidi yako mlangoni, na najua vijana wengi hapa Amu (Lamu) wanatafuta printa za kuuzia picha pale uwanja wa Mkunguni na kwenye mashindano ya punda. Mtu huyu bado anauza. Jana usiku ameweka tangazo jipya.

Printa yangu ya kwanza ilikufa kwenye ile boti ya Shela, habari yake sitaki kuirudia. Na wenzangu mnajua kwa nini siwezi kufanya kazi bila printa. Mimi napiga shughuli za kike. Kwenye kupamba, ile shughuli ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, simu za wageni zinaachwa mlangoni, na mama mwenye shughuli hakubali hata kidogo picha ya mwanawe asiye na buibui ilale nyumbani kwangu ndani ya kompyuta. Picha inapigwa, inachapwa pale pale, inaingia mkononi mwa mwenyewe, na kabla sijaondoka memori kadi inafutwa mama akitazama. Kwa hilo ndiyo naitwa. Kwa hilo ndiyo naaminiwa.

Nilitafuta miezi miwili, sikukurupuka. Nilizitazama zile printa kubwa za kampuni ya DNP, ile RX1HS, ambayo rola moja inatoa picha 700 na picha haichukui hata robo dakika. Mashine nzuri, lakini ina kilo 14, na mimi kutoka gatini hadi Mkomani natembea vichochoroni kwa miguu, tena umeme ukikatika kazi imekwisha. Zile ndogo za kuingia mfukoni, karatasi yake ni inchi mbili kwa tatu. Hakuna bi mkubwa atakayenilipa shilingi 200 kwa picha ambayo haioni bila kuisogeza puani. Za wino wa maji nilizikataa kwa sababu kwenye shughuli mikono yote ina halua, mafuta na marashi, na wino ukiguswa kabla haujakauka unachafuka. Nikabaki na Canon Selphy, CP1300. Haifiki kilo moja, ina betri ya kupachika nyuma ya mashine ambayo ikijaa inachapa picha 54, picha ya saizi ya postikadi inatoka chini ya dakika moja, na juu inapakwa ngozi nyembamba, kwa hivyo hata tone la maji likidondoka unalifuta kwa leso. Hiyo ndiyo niliyoitaka na mpaka leo sijajuta kuitaka hiyo.

Huyu mtu nilimpata Facebook. Msiniambie ulimwaminije mtu wa Facebook. Nilipompigia alinipokea kwa salamu kamili, akauliza hali ya nyumbani, hali ya wazee, kabla ya neno la bei. Akaniita ukhti. Aliposikia natoka Amu akataja watu wa Shela ninaowajua, akasema mamake mdogo ameolewa huko, na mtaa akautaja kwa jina. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyesema: "Usinitumie pesa, ukhti. Njoo uione kwa macho yako, uichape, ukiridhika ndipo ulipe." Matapeli niliowasikia mimi ni wale wa tuma pesa kwanza. Huyu alikataa pesa yangu. Nani kati yenu angemshuku?

Nikapanda boti ya alfajiri hadi Mokowe, nikachukua basi, Witu, Garsen, mpaka Malindi, na mtoto nimempakata kwa sababu sikuwa na wa kumwachia.

Tulikutana kwenye kimgahawa karibu na steji. Kijana msafi, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito. Akatuagizia chai na mahamri, akampa mtoto wangu biskuti. Akaitoa printa kutoka kwenye begi kama mtu anayetoa mtoto mchanga, akaifuta vumbi ambalo hata halikuwepo. Akampiga mwanangu picha kwa simu, akaituma kwa waifai, na mashine ikaanza.

Hapa ndipo aliponishika. Karatasi ilitoka manjano tupu, kama imepakwa bizari. Ikarudi ndani, ikatoka na wekundu, na sura ikaanza kujengeka. Ikarudi tena, ikaja buluu, na mwanangu yuko pale na pengo lake la jino. Ikarudi mara ya nne kuchukua ile ngozi, ikadondoka mezani ingali na moto. Nikaishika, na nilikaribia kutokwa na machozi, maana tangu ile ya kwanza ife sikuwa nimeisikia sauti ile. Akachapa ya pili, mimi na mtoto. Nzuri vile vile. Nikasema ngoja nijaribu na memori kadi yangu, moja tu. Akaweka kiganja juu ya mashine, taratibu, akasema: "Hapana, ukhti. Wino huu ni wako sasa. Usiumalize kwa kujaribu, nenda kautafutie riziki."

Nikamwona mtu wa huruma. Neno lile la riziki ndilo lililonimaliza.

Akatoa na maboksi mawili ya karatasi. Kila boksi karatasi 108 na katriji tatu za wino, maana katriji moja ni picha 36. Akafunua juu nikaona karatasi nyeupe safi na katriji ndani ya mifuko yake, akafunika. Printa shilingi 18,000, betri 5,000, maboksi 4,500 kila moja. Jumla 32,000. Nilipoingiza namba, jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza. Akasema ni mke wake, laini yake yeye ina shida. Basi la Mokowe linapiga honi, mtoto analia, nikabonyeza namba ya siri.

Jumamosi ndiyo ilikuwa ile shughuli. Mama alishanipa arbuni ya shilingi 10,000. Bibi harusi ameketi, vikuba vya asumini vimejaa kichwani, hina na piko mpaka mabegani, moshi wa udi umetanda. Picha ya kwanza, yeye peke yake, safi. Ya pili safi. Vigelegele. Katriji iliyokuja ndani ya printa ikaisha, nikatia moja ya boksi. Ya tatu yeye na mamake na halati zake wawili. Manjano ikatoka na kivuli, nikadhani ni taa. Wekundu ukaja, kivuli kikapata mabega. Buluu ilipokwisha kupita, juu ya bibi harusi amesimama mwanamume.

Mwanamume mzima, na koti na tai, lakini amegeuka kama kwenye zile negativu za zamani. Nywele nyeupe, koti jeupe kama sanda, meno meusi. Uso wake umekaa juu ya uso wa bibi harusi. Haya kwenye shughuli ambayo hata kaka yake wa tumbo moja haruhusiwi kuingia.

Mama akaichukua kabla sijaificha. "Huyu mume ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nikatoa katriji nikaweka ya pili kutoka kwenye boksi. Safari hii wakatoka watoto wa shule, wamepangwa safu mbili juu ya nguo za bibi harusi. Katriji ya tatu sikuijaribu. Ukumbi ulikwisha kunyamaza, na katika ukimya ule mtu mmoja nyuma akasema: kama sura za wanaume zimo ndani ya mashine hii, basi na sisi tumo. Na binti zetu wa harusi zilizopita wamo.

Kutoka hapo hakuna aliyenisikiliza. Niliapa, nikatoa memori kadi nikampa mama aivunje, akaivunja. Arbuni nimeirudisha yote. Shughuli tatu zilizokuwa zimeniweka, mbili zimeshanipigia kusema zimepata mtu mwingine. Kwa hivyo asije mtu kuniambia hasara yako ni maboksi mawili, shilingi 9,000. Jina langu nimelijenga nyumba kwa nyumba, mama mmoja akimwambia mwenziwe, na limeangushwa na mtu aliyenywa chai na mimi.

Usiku ule nilizifungua katriji zote sita nikazinyoosha mbele ya taa. Kwa asiyejua: wino wa mashine hizi hauko kwenye chupa, uko kwenye utepe. Kila picha inakula kipande chake cha manjano, chekundu, buluu na cha ngozi, na rangi inapohamia kwenye karatasi inaacha pengo la sura ile ile kwenye utepe. Hata ukichapa picha yenye vitu vichache, kile kipande kimekwenda, hakirudiwi wala hakijazwi. Katriji zote sita zilikuwa zimejaa watu. Mahafali, watoto wa shule, mzee na wajukuu, na moja ina mwanamke nyumbani kwake, kichwa wazi, anacheka. Hiyo nimeikunja nikaifunika, sikuitazama mara mbili.

Mimi nilijua kwamba utepe unashika sura. Zangu nazikata na kuzichoma kila baada ya shughuli. Halikunijia akilini kwamba mtu anaweza kuketi, akaokota katriji zilizotupwa na wapigapicha, akazirudisha nyuma kwa kidole hatua kwa hatua, akazitia mifuko na kuziuza kama mpya. Ile iliyokuwa ndani ya printa ilikuwa nzima, lakini imebaki na picha chache, ndiyo maana alinizuia nisichape ya tatu. Riziki! Alikuwa anahesabu. Printa yenyewe ni nzima na betri ni nzima, sitamzulia. Ndivyo anavyokamata watu, kitu kizima mbele, uchafu ndani ya boksi.

Nilimpigia. Mara ya kwanza akasema ni joto la Amu limeharibu utepe. Joto linachora mtu na tai? Mara ya pili akasema, "Kwani nilikulazimisha?" Mara ya tatu namba haipatikani, na ule ukurasa umefutwa. Sasa ana ukurasa mwingine, jina jingine, lakini kitambaa cha meza ni kile kile cha maua mekundu, na ile printa imepigwa kwa pembe ile ile.

Nataka akamatwe. Nimeambiwa kifungu cha 313 cha sheria ya adhabu ya Kenya, kupata mali kwa udanganyifu, ni kifungo cha hadi miaka mitatu. Kwangu mimi ni michache. Nataka arudishe pesa ya kila aliyemtapeli, na isiwe kimya kimya, asimame Ijumaa msikiti umejaa aseme alichofanya. Nataka yule mwenye laini ya M-Pesa naye ahojiwe, kwa sababu pesa ya haramu inaingia kwake na anaila. Nataka watu wake wa Shela, kama kweli ana watu Shela, wajue jina lao linatumiwa kuibia watu. Na zaidi ya yote nataka aletwe Amu, apandishwe ngazi za nyumba ile, amwambie yule mama kwa mdomo wake kwamba yule mwanamume hakutoka kwangu. Pesa naweza kuisamehe. Hilo la mama silisamehi mpaka liwe.

Mnaotaka kununua kabla ya Maulidi, chomoa katriji, vuta utepe kidogo, uweke mbele ya mwanga. Mpya ni rangi tupu, haina mtu. Ukiona hata sikio, ondoka. Kuvuta kidogo hakuuharibu, unauviringisha tena. Boksi liwe halijafunguliwa. Ya kwangu yalikuwa na selotepu juu na mimi nikaona ni kawaida. Chapa picha tano, sita, na wewe ndiye uchague, akikataa jua kuna sababu. Jina la M-Pesa lisipolingana na mtu aliye mbele yako, usibonyeze, hata basi liondoke.

Na nyinyi wenzangu mnaotupa katriji kwenye pipa nje ya studio, mnamlisha huyu. Yule mwanamke anayecheka nyumbani kwake hana habari kwamba sura yake inazungushwa Malindi ndani ya mfuko wa plastiki. Zikateni. Leo.

Namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, ninayo. Jumatatu narudi Malindi na zile katriji sita, ujumbe wa M-Pesa na zile picha mbili, uso wa bibi harusi nimeuziba kwa karatasi kabla hata polisi hawajauona. Polisi wamesema tukiwa wengi kesi inakuwa na nguvu. Aliyeuziwa na mtu huyu, hata kama alinyamaza kwa aibu kama nilivyonyamaza mimi, anitumie ujumbe faraghani kabla ya Jumapili usiku. Boti ya kwanza ndiyo nitakayopanda.