Walizima Filamu Loretta Akiwa Bado Chini

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hivyo naandika.

Nilimpeleka mama yangu kutazama Coal Miner's Daughter, ile filamu ya 1980 inayosimulia maisha ya Loretta Lynn, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani. Kuna ukumbi fulani hapa Nairobi unaoonyesha filamu za zamani Jumapili jioni. Mama amepita miaka sabini. Alichuma majani chai Limuru karibu maisha yake yote, na nyumbani redio ya betri haikuzimwa Jim Reeves au Skeeter Davis, nao wa country, akiimba. Kiingereza chake ni cha kubahatisha lakini hizo nyimbo anazijua neno kwa neno. Nilipoona tangazo nililipia tiketi mbili papo hapo. Alikuja na matatu ya mchana akiwa amevaa koti lake la kanisani.

Na filamu yenyewe, jamani, ni tamu. Sissy Spacek, anayemwigiza Loretta, anaimba zile nyimbo kwa sauti yake mwenyewe, hakuna kanda ya Loretta iliyofichwa nyuma, na tuzo ya Oscar aliyopewa aliitolea jasho. Anaanza kama mtoto wa mabondeni Kentucky, kule Butcher Hollow, mabega yamejikunja, halafu unamwona anakua mbele ya macho yako bila kujua ni dakika gani amekuwa mwanamke.

Lakini aliyemkamata mama ni baba wa Loretta, yule mchimbaji wa makaa ya mawe. Ameigizwa na Levon Helm, mpiga ngoma wa bendi ya roki iitwayo The Band, mtu ambaye hata hakuwa mwigizaji. Kabla ya kumtoa binti yake, mzee anamwomba Mooney, kijana anayemwoa, mambo mawili tu: asimpige, na asimpeleke mbali na kwao. Hataki kingine. Mama akanishika mkono pale gizani akaninong'oneza, "Hapo ndipo anadanganywa."

Alijua. Mooney alizivunja ahadi zote mbili. Alimzaba makofi, kisha akampeleka Custer, jimbo la Washington, upande wa pili kabisa wa Marekani. Pale stesheni ya treni baba na binti wanapoagana, mama alilia waziwazi, na mimi nikalia kwa sababu yeye analia. Baba yake Loretta alifariki mwaka wa 1959, mapafu yameliwa na vumbi la makaa, kabla binti hajatoa hata sahani moja ya santuri. Babu yangu naye alikufa akikohoa, na hakuna aliyetuambia ni vumbi gani.

Basi tukaendelea. Gitaa la bei ya chini ambalo Mooney anamnunulia. Ile santuri ya kwanza ya 1960, na mume na mke wanazunguka na gari kutoka kituo kimoja cha redio hadi kingine wakiomba ichezwe. Grand Ole Opry, lile jukwaa kubwa la country. Urafiki na mwimbaji Patsy Cline, kisha ajali ya ndege ya Machi 1963 iliyomuua Patsy. Mama hakuwa anapepesa macho. Tukafika pale Loretta amechoka, kichwa kinamuuma, anameza vidonge, anapanda jukwaani na badala ya kuimba anaanza kuwaongelesha watu mambo ya nyumbani kwake. Ukumbi mzima wa kwenye filamu umenyamaza. Anaanguka. Mooney anakimbia kumbeba.

Picha ikakatika. Taa zikawashwa.

Tulikaa tukingoja. Kijana wa mitambo akasema mashine imeleta shida. Sawa, mashine huharibika. Dakika chache baadaye akaanza kukunja nyaya. Nikamuuliza, ndugu yangu, shida inatengenezwa? Akajibu bila kunitazama kwamba filamu ilikuwa imefika mwisho. Nikamwambia haijafika, wimbo wenyewe wenye jina la filamu bado haujaimbwa. Mama naye akasimama, akamwuliza kwa upole kabisa, "Sasa huyo msichana aliamka?"

Akamjibu, "Mathe, imeisha. Nendeni nyumbani."

Mathe! Neno la vijiweni, kwa mwanamke wa umri wa nyanya yake, aliyemsalimu kwa macho alipoingia, aliyelipiwa tiketi kama mtu mwingine yeyote. Mama hakusema neno. Alifunga kifungo cha juu cha koti. Tulipotoka nikaona watu wa sherehe nyingine wamejaa mlangoni na maputo na keki, wanangoja ukumbi. Kumbe hakukuwa na mashine iliyoharibika. Tuliuziwa filamu isiyo na mwisho ili watu wa keki waingie kwa wakati.

Na ninyi mtasema ni dakika chache tu. Hapana. Hadithi ya ndoa ukiikata hapo ni hadithi nyingine kabisa. Mama alirudi Limuru akiamini kwamba Loretta aliishia pale sakafuni, mikononi mwa mwanamume aliyemvunja. Siku tatu nzima alikuwa akinipigia simu kuniuliza habari za watoto wa Loretta, watalelewa na nani.

Nilipanga kuandika kwamba filamu ni kamili na lawama zote ni za ukumbi. Ukumbi lawama zake ziko palepale. Lakini nilipompelekea mama ile sehemu iliyobaki, tukaitazama pamoja kwenye kompyuta yangu mezani kwake, hasira yangu ikapata mahali pengine pa kukaa. Loretta anapona. Mooney anampandisha kilimani kumwonyesha alipopiga vigingi vya nyumba mpya, nyumba aliyoipanga bila kumuuliza, wanagombana, halafu tunaletewa wimbo na makofi. Nikauliza kwa sauti, na zile ahadi mbili? Nani anazidai? Mzee Webb, baba yake Loretta, amelala kaburini na filamu imemwachia Mooney aondoke na tabasamu la Tommy Lee Jones, mwigizaji wake, ambaye kwa bahati mbaya anapendeza mno. Hata suala la umri linapita kirahisi. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba Loretta aliolewa akiwa na miaka 13. Mwaka wa 2012 zikapatikana hati zinazoonyesha alikuwa na 15 siku ya harusi, Januari 1948, na bwana harusi 21. Watu walishangilia kama vile 15 ni utu uzima. Ni mtoto!

Kwa hiyo nikamwambia mama kwamba afadhali hata tulikatiwa, mwisho wenyewe ni wa kumsafisha mwanamume.

Mama akakataa. Akaniambia nirudishe pale kilimani. Nikarudisha. Akaniambia, "Mtazame. Mwanzo alikuwa anapigwa ananyamaza. Sasa anagomba akiwa amesimama." Akaniomba nirudishe tena. Loretta huyo wa kweli alikaa na mume wake mpaka mume alipofariki mwaka wa 1996, na yeye akaishi hadi Oktoba 2022, miaka 90. Nilipomwambia hivyo mama aliuliza kama aliijenga ile nyumba pale Mooney alipotaka au pale alipotaka yeye.

Sasa sijui tena niipe filamu alama gani. Bado naona wamemwonea huruma Mooney kuliko anavyostahili. Lakini nimeitazama mara tatu tangu siku hiyo, na mara ya tatu nilijikuta nangoja kile kilima kuliko nyimbo zote.

Wa ukumbi walijibu malalamiko yangu hatimaye, wakanipa ofa ya tiketi mbili za bure kwa filamu nyingine. Sizitaki. Namba ya mama wanayo, niliiandika wakati wa kulipa. Yule kijana ampigie, amwite mama kwa heshima, na amwambie kwamba ndiyo, yule msichana aliamka.