Nissan Leaf ya kizazi cha pili mikononi mwa dereva wa miaka 18

Kijana wa miaka 18 aliyepata leseni juzi anaweza kukabidhiwa Nissan Leaf, gari la umeme, bila wazazi wake kukosa usingizi, ila kwa masharti mawili: safari zake ziwe za mjini, na nyumbani pawe na mahali pa kuchajia. Nazungumzia Leaf iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Oktoba 2017, yenye betri ya kilowati-saa 40. Toleo lililoitangulia haliingizwi tena Kenya kwa sababu ya sheria inayozuia magari yaliyozidi miaka 8, hivyo anayelitaka hulinunua kwa mtu aliyekwisha kulitumia hapa hapa nchini. Gari ninalolitathmini ni la nyumbani kwetu Mombasa, na mpwa wangu hulitumia kwenda chuoni Tudor kutoka Bamburi.

Jambo la kutazamwa kwanza ni nguvu. Leaf hii ina mota ya kilowati 110, yaani nguvu za farasi 150 hivi, na msukumo wake wote hupatikana tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, bila kungoja injini ipandishe mzunguko wala gia zibadilike. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa huchukua karibu sekunde 8, mwendo ambao kijana aliyezoea Vitz ya injini ya lita moja hajawahi kuuonja. Kitufe cha Eco hulituliza kanyagio la mwendo vizuri sana, na ningependa kila dereva mgeni aanze nacho, lakini hakuna njia ya kukifunga: kijana akitaka kukizima, hukizima. Chevrolet Bolt ya Marekani ilikuwa na mpangilio maalumu wa madereva vijana ambao mzazi huuweka mwenyewe, na ni huzuni kwamba gari hilo lina usukani upande wa kushoto, kwa hiyo halituhusu. Kwenye Leaf, kinachobaki ni makubaliano baina ya mwenye gari na anayeliendesha.

Upande wa breki una mengi ya kusifiwa, na moja la kuangaliwa. Mfumo wa e-Pedal ukiwashwa, gari hupunguza mwendo mara tu mguu unapoondolewa kwenye kanyagio la mwendo, hadi lisimame kabisa, na taa za breki huwaka zenyewe kumtahadharisha aliye nyuma. Mara ya kwanza mpwa wangu alishtuka akaniuliza, "Mjomba, mbona linajifunga breki?" Hazikupita siku nyingi akawa halitaki tena gari la kawaida. Hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa anayejifunza kusimamisha gari kwa kuinua mguu tu huuzoesha mguu huo kutolitafuta kanyagio la breki, na siku atakapoazimwa Probox ya jirani, mazoea hayo yatamponza. Ushauri wangu ni kwamba e-Pedal izimwe mpaka kijana aizoee breki ya mguu sawasawa, kisha aruhusiwe kuitumia kwenye foleni ya Nyali, ambako inapunguza uchovu kweli kweli. Matoleo mengi yaliyouzwa Japani yana pia breki ya dharura inayojifunga kunapotokea kizuizi mbele, pamoja na kinga dhidi ya kukosea kanyagio wakati wa kuegesha, na hiyo ya pili naihesabu kuwa kifaa chenye manufaa kuliko vyote kwa mtu ambaye bado anaegesha kwa kubahatisha. Leaf hii ilipata nyota 5 katika majaribio ya usalama ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima magari, ya mwaka 2018.

Ukimya wake unahitaji tahadhari. Kwa mwendo mdogo gari hutoa mlio mwembamba wa kuwatahadharisha waendao kwa miguu, lakini penye tuktuk, mikokoteni na honi za matatu, kama vile Marikiti, mlio huo haumfikii mtu. Dereva kijana afundishwe kudhani kwamba hakuna aliyemsikia.

Nije kwenye umbali, ambao wengi huutaja kama kasoro. Kwa vipimo vya shirika la mazingira la Marekani, betri hii ikiwa mpya hubeba gari kilomita 243. Kwenda Malindi na kurudi ni kama kilomita 240, na hapo hujaiondolea betri umri wake, wala kiyoyozi, ambacho hakuna anayekizima Mombasa mwezi wa Februari. Kwa hiyo safari ya Malindi haiwezi kufanywa kienyeji, usiku, baada ya rafiki kupiga simu. Inataka mpango, na mpango huzua maswali nyumbani. Mimi naona huo ni ulinzi ambao hakuna mfumo wa kompyuta unaoushinda. Kwa mizunguko ya chuoni na sokoni ya kilomita 25 kwa siku, gari hutumia uniti nne hivi za umeme, na soketi ya kawaida ya ukutani huzirudisha kabla ya usiku kwisha.

Kinachonitia shaka zaidi ni joto. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji, na mwaka 2012 wenye Leaf za kizazi cha kwanza huko Arizona, jimbo la Marekani lenye jangwa na joto kali, walilalamika kwamba uwezo wa betri zao ulikuwa ukishuka upesi. Pwani yetu si jangwa, lakini si Limuru pia. Kabla ya kulipa, tazama vile vijiti 12 vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji. Cha kwanza huzimika uwezo unapokuwa umeshuka hadi karibu asilimia 85, kwa hiyo vijiti kamili pekee si ushahidi wa betri nzima. Fundi mwenye programu ya LeafSpy atakupa asilimia halisi kwa dakika chache, na muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kukujibu.

Mengine ni madogo lakini yanasumbua. Skrini huja kwa Kijapani, plagi ya waya wa kuchajia ni ya kule na hubadilishwa, na si kila kituo cha kuchaji haraka kina kichwa cha CHAdeMO kinachoingia kwenye gari hili. Gari halina tairi la akiba, ila pampu na dawa ya kuziba tundu, na kijana anapaswa kuonyeshwa namna ya kuvitumia kabla hajapata pancha usiku Mtwapa. Kuhusu bima, uliza mapema, maana kampuni nyingi huongeza kiasi anachojilipia mwenye gari ajali ikitokea, pale dereva anapokuwa kijana au leseni yake inapokuwa changa.

Kwa familia inayoishi ghorofani, bila egesho lenye soketi, sipendekezi Leaf hata kidogo. Kijana atakuwa akizunguka kutafuta chaji saa ambazo alipaswa kuwa nyumbani, na kwa hali hiyo Vitz au Demio ya petroli inamfaa zaidi.