Muvi za kale za ujasusi kwa HD: ukiwa Tanga, anza kununua nini?

Kila ninapoitwa kukagua runinga ya mtu hapa Ngamiani, kipimo changu ni kimoja: mwigizaji Cary Grant akikimbizwa na ndege shambani. Muvi ni North by Northwest ya 1959, iliyopigwa kwa VistaVision, mfumo uliopitisha utepe wa filamu kwa ubavu ili kila picha ipate nafasi kubwa zaidi. Kwenye nakala nzuri unaona ufumaji wa suti yake ya kijivu na vumbi lililoigandia. Kwenye nakala mbovu suti ni doa tu. Runinga ni ileile na waya ni uleule.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu: kabla ya kuongeza inchi, nunueni chanzo kizuri cha picha. Muvi hizi zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, na undani huo ulikuwemo tangu mwanzo. Mafundi huiskani negativu, yaani filamu ileile iliyopita kwenye kamera, picha moja moja, wakafuta mikwaruzo na kurudisha rangi zilizofifia. Sekunde moja ina picha 24, hivyo Dr. No ya 1962, ya James Bond, peke yake ina zaidi ya 150,000. Kazi hiyo haistahili kuja kuharibiwa sebuleni kwako.

Namba moja kwangu ni diski ya Blu-ray. Ina pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, karibu mara tano ya DVD, na nafasi ya GB 25 au 50, kwa hiyo muvi haibanwi sana. Deki yake si rahisi kuikuta madukani, lakini mabanda ya gemu yanapobadilisha mashine, ulizia PS4. Inasoma Blu-ray vizuri, ila si diski za 4K, zile zenye picha kali kuliko HD. Hizo zinataka PS5 yenye tundu la diski au deki ya 4K.

Hapa kaa chonjo. Diski nyingi za Blu-ray zimefungiwa ukanda: husomwa na mashine za ukanda huohuo tu. Sisi tuko B, pamoja na Ulaya na nchi za Kiarabu. Marekani na Japani ni A. Niliwahi kumwagiza ndugu yangu diski kutoka Marekani bila kumwambia asome nyuma ya kasha. Ilipofika, mashine ikaigomea, na hadi leo iko kabatini na nailoni yake pembeni. Diski za 4K hazina kizuizi hicho. Na ukikutana na deki ya mtumba wa Japani, tazama kibandiko cha umeme: nyingi ni za volti 100, na umeme wetu ni 230. Utaiunguza siku hiyohiyo.

Namba mbili ni kukodi au kununua mtandaoni. Kama nyumbani kuna intaneti ya mwezi, ni njia rahisi, na nakala huwa ndizo zilizosafishwa. Kwa bando la simu, piga hesabu kwanza: saa moja ya HD inaweza kula GB 3. Tatizo jingine ni giza. The Spy Who Came in from the Cold ya 1965 ni nyeusi na nyeupe, na inaanza usiku kwenye kizuizi cha mpakani Berlin. Mtandao ukilegea, kiza kile kinakatika vipandevipande na mtu aliyesimama kivulini humwoni kabisa.

Flashi ya kujaziwa muvi naiweka ya tatu, tena kwa shingo upande, kwa sababu aliyeisafisha filamu haambulii kitu. Jina la faili pia halina maana: muvi ya saa mbili yenye GB 1 haiwezi kuwa na picha ya Blu-ray, hata ikiandikwa 1080p. Nyingine ni DVD iliyovutwa tu ionekane HD. DVD yenyewe inafuata mwisho. Itunze kwa muvi ambazo hazijapatikana kwingine.

Ukishapata nakala, ingia kwenye mipangilio ya runinga uzime kile kinacholainisha mwendo, la sivyo Sean Connery, Bond mwenyewe, atatembea kama yuko kwenye tamthilia ya mchana. Usivute picha kujaza kioo. Mistari myeusi juu na chini ya Thunderball, muvi nyingine ya Bond, ni umbo lake halali. Na chembechembe ndogo zinazochezacheza angani si chenga za antena. Ndiyo filamu yenyewe, fundi mzuri huziacha.

Siku ya kununua mashine, nenda na diski yako mkononi. Mwombe muuzaji aiwashe, iendeshe dakika kumi, kisha uiruke hadi katikati na mwishoni. Lensi ya mashine iliyochoka huanza kukwama huko.