Ukumbi wetu wa Tabora umefunguliwa tena, nimepeleka wanafunzi kuangalia igizo la Ngoswe, haya ndo niliyoyaona

Kama una mtoto yupo sekondari na mnakaa Tabora, iwe mjini au huko Uyui, Sikonge, Urambo, mpeleke ukumbini kabla huu msimu haujaisha. Naliweka hili mwanzoni ili hata asiyemaliza kusoma aondoke nalo. Mi ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha kidato cha tatu na cha nne, na tamthiliya tunazifundisha vilevile tulivyofundishwa sisi: wahusika, dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, halafu swali la mtihani, jadili kwa kutumia tamthiliya mbili ulizosoma. Mtoto anamaliza form four anakutajia sifa za mhusika mkuu bila kukwama lakini hajawahi kuona hata siku moja mtu amesimama stejini akayasema yale maneno. Tamthiliya imeandikwa iigizwe jamani. Hilo kila mwalimu analijua, tatizo tulikuwa hatuna pa kuwapeleka.

Ukumbi wenyewe wenyeji mnaufahamu, ule mkongwe wa mjini uliokuwa umefungwa muda mrefu, bati zimetoboka, popo wamehamia darini, na hata kabla haujafungwa ulikuwa umeshageuka wa harusi na semina maana ndo zilikuwa zinaleta hela. Sasa umekarabatiwa, na wamefungua kwa msimu maalumu wa kuadhimisha nusu karne tangu ujengwe. Kila Jumamosi kuna kitu, ngoma na igizo siku hiyohiyo, wiki nyingine wanaongeza sarakasi au bendi. Waliokuwepo miaka ya themanini na tisini wanaujua huu mtindo, ndo walivyokuwa wanafanya vikundi vya sanaa vya Muungano na baadaye TOT, unalipa kiingilio kimoja unapata ngoma, kichekesho, igizo, muziki, unarudi nyumbani umechoka kwa raha. Nimefurahi wameurudisha, kwa sababu mtu wa Ng'ambo au Isevya ambaye hajawahi kuangalia igizo ukimwambia njoo uone igizo tupu la masaa mawili hatakuja, ila ukimwambia kuna ngoma anakuja, na akishakaa igizo linamkuta palepale kwenye kiti.

Ukiingia tu kuna ukumbi mdogo wa mapokezi, usiupite haraka. Wametundika picha za zamani, na nyingi ni za muziki, maana Tabora hii ndo ya Kiko Kids, ya Nyanyembe Jazz, ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Wanafunzi wangu hawakuwa wanajua. Wanajua wanamuziki wa Dar na wa Kigoma, hawajui kwamba mji wao ulikuwa na bendi tatu zinazogombania mashabiki na nchi nzima inasikiliza redioni. Palikuwa na mzee mmoja amevaa balaghashia, watoto wakamwamkia shikamoo, basi akaanza kuwaelezea nani alikuwa anapiga gitaa la solo, nani besi, nani alihamia bendi gani akawaudhi wenzake, ikabidi nimwombe radhi mzee maana onyesho lilikuwa linakaribia kuanza. Pembeni kuna ubao wa mkutano wa TANU wa Januari 1958, ule wa Uamuzi wa Busara, walipokubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura anachagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Binti mmoja wa form three aliusoma wote, akanigeukia akasema, "Mwalimu, kumbe ilikuwa hapa hapa kwetu?" Historia ameisoma, na jina la Tabora lipo kwenye daftari lake.

Tiketi ni elfu tano mtu mzima, mwanafunzi mwenye sare au kitambulisho elfu mbili, na mwalimu anayeleta kundi anaingia bure. Unalipia kwa simu, inakuja meseji yenye namba, mlangoni wanaiangalia unapita. Hamna kusukumana. Viti vipya, vina mgongo, na sakafu wameinua ngazi ngazi hivyo hata mama akija na kilemba chake kikubwa akakaa mbele yako bado unaona.

Kikubwa kuliko vyote kwangu ni sauti. Zamani mvua ikinyesha mle ndani ndo basi, bati linapigwa hadi mtu aliye stejini unamwona anafungua mdomo tu. Safari hii wameweka dari ya mbao chini ya bati na katikati wamejaza kitu laini cha kuzuia kelele, na ukutani pembeni wamepigilia mbao zenye mianya mianya ili sauti isiwe inagonga inarudi. Na siku hiyo mvua ilikuja, ile ya Machi ya kwetu inayokuja na upepo, nikasema haya tuone sasa. Nilikuwa nimekaa karibu na nyuma kabisa niwaone wanafunzi wangu wote, na nilisikia kila neno, waigizaji hawana maiki hata mmoja, wanatumia sauti zao tu. Fundi aliyefanya ile kazi apewe maua yake.

Walianza na ngoma. Walikuwepo wachezaji wa ngoma ya manyanga, wakaja Wayeye, wale wanaocheza na nyoka, na chatu wao, na hapo naomba mwenye mtoto mdogo asikae safu ya kwanza, kwa sababu yule bwana anashuka na nyoka shingoni hadi miguuni kwa watu. Nyoka amezoeshwa watu na hana shida, lakini mtoto atalia na igizo hutaliona. Kinachonifurahisha ni kwamba hawakuifanya ngoma ya kupokelea viongozi uwanja wa ndege, ile ya dakika tatu halafu mnakaa pembeni. Waliachiwa wacheze hadi jasho likawatoka, yule mpigaji mkubwa akawa anaongea na ngoma yake na watazamaji wanamjibu.

Halafu ndo ikaja Ngoswe, ya marehemu Edwin Semzaba. Kwa mliosahau, Ngoswe ni karani wa sensa, ametumwa kijijini kuhesabu watu, anafika anapendana na Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na kazi ya serikali inaharibikia hapo. Nimeifundisha hii hadi naota. Lakini kuna kitu kilitokea pale ambacho sijawahi kukipata darasani. Ngoswe anaingia na mkoba wake wa karatasi, vijana wa mbele yangu wakaanza kuulizana chinichini mbona hana kishikwambi, kwa sababu sensa wanayoijua wao ni ile ya Agosti 2022, makarani walipita majumbani na vishikwambi. Mmoja akawajibu wenzake, "We, zamani si walikuwa wanaandika kwa mkono, ndo maana zikiungua zimeungua." Nilitamani nisimame nimpe mkono. Kwa sababu uzito wote wa ile tamthiliya uko hapo, kazi ya watu wengi imewekwa kwenye karatasi zisizo na nakala, aliyekabidhiwa azitunze mawazo yake yako kwa binti wa watu. Darasani nikiuliza umuhimu wa sensa wananijibu kupanga maendeleo, wanaandika, wanapata maksi. Pale walikuwa wanaogopa kweli karatasi zisipotee.

Aliyeigiza Mzee Mitomingi ni kijana mdogo tu, ukimwona nje ya steji hafiki hata thelathini. Ila angalieni anavyokaa. Hakitazami kigoda, mkono unatangulia nyuma unakipapasa, ukishakipata ndo anashuka taratibu, akifika chini anakusanya nguo katikati ya magoti halafu anatoa pumzi moja ndefu. Hajasema neno bado na watu wazima ukumbini wameshaanza kucheka na kunong'onezana, maana kila mmoja ana babu yake anakaa hivyo. Na walipoingia wanakijiji kumsalimia karani walisalimia Kinyamwezi, mwadila, ukumbi mzima ukaitikia. Kwenye kitabu haipo hiyo, wameiongeza wao, na mi kama mwalimu naunga mkono asilimia mia, hadithi ikifika Tabora iongee na watu wa Tabora.

Ile sehemu ya kuchoma karatasi ndo niliyokuwa naisubiri nione wataifanyaje. Wengi wangeweka taa nyekundu wakamaliza. Hawa walileta chungu chenye makaa ya kweli, Mzee Mitomingi anachukua karatasi moja ya sensa, anaiangalia juu chini bila haraka, anaiweka, inakunjamana, inashika, anachukua nyingine. Harufu ya karatasi inayoungua ilitufikia hadi kule nyuma. Hakuna muziki, hakuna mtu anayeongea, unasikia mvua juu ya bati kwa mbali na ile karatasi. Na pembeni ya pazia, ukichungulia vizuri, alikuwepo jamaa amechuchumaa na ndoo ya mchanga mkononi, hakutoa macho kwenye kile chungu hata sekunde. Nawapongeza kwa hilo pia, ukumbi wa mbao na watoto wamejaa, lazima awepo mtu kama huyo. Wale wa Bagamoyo ukumbi wao uliungua 2002, na ulikuwa wa chuo cha sanaa cha taifa, kwa hiyo moto siyo wa kuchezea.

Sasa yasiyonifurahisha, na nayasema kwa sababu nataka huu ukumbi udumu. Onyesho la saa nane lilianza saa tisa kasoro. Sababu ni utambulisho. Mshereheshaji alitambulisha wageni waalikwa mmoja mmoja, anasimama, anapunga, anakaa, mwingine akaitwa aseme mawili matatu akasema ishirini, na watoto waliotoka nyumbani asubuhi wamekaa tu. Ndugu zangu mnaousimamia ukumbi, wageni watambulisheni kwa pamoja, tuwapigie makofi, tuanze. Halafu safu mbili za mbele mmeziandika VIP zikabaki karibu tupu igizo zima, huku kuna wamama wamesimama ukutani na watoto mgongoni. Igizo likishaanza na mwenye kiti hajaja, aachiwe aliyesimama. Kingine ni vyoo vya wanawake, ni vichache mno, mapumziko yaliisha foleni ikiwa bado nje na mabinti zangu kadhaa wakakosa mwanzo wa sehemu ya pili. Hilo la vyoo kwa jengo lililotoka kukarabatiwa juzi linauma, lingefikiriwa kwenye ramani.

Na simu. Waliombwa wazime, wengine wakazima, wengine wakarekodi igizo zima na ule mwanga unawapiga machoni walio nyuma. Huyo mtu wa mlangoni anayekagua meseji akishamaliza kazi aingie ndani awasimamie hao.

Pamoja na hayo nawapa nyota nne kati ya tano, na ile moja wataipata wakirekebisha muda na vyoo. Waigizaji wenyewe hawana deni. Baadhi wamepita Bagamoyo kusoma sanaa, wengine ni vijana wa hapahapa Kanyenye na Kiloleni wanauza duka mchana na jioni wanafanya mazoezi, na huwezi kujua yupi ni yupi wakiwa stejini.

Ombi langu moja kwa waandaaji. Msimu huu mmeweka maigizo yanayosomwa shuleni, ni sawa kabisa, endeleeni. Ila Mwalimu Nyerere alisoma sekondari hapa Tabora, na alipotoka Makerere akarudi kufundisha hapa shule ya St. Mary's, na ndiye aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alikuwa rais wa nchi na bado anakaa usiku anapanga mistari ya igizo kwa Kiswahili. Mji aliosoma na kufundisha una ukumbi sasa, una waigizaji wenye sauti, hebu waigizeni Mabepari wa Venisi hapa. Ile kesi ya ratili ya nyama, mpeni yule kijana wa Mitomingi awe Shailoki, yule mkopeshaji anayeidai hiyo nyama, nalipa hata elfu kumi. Nitaleta form four wote.

Walimu wenzangu wa Nzega, Igunga na Kaliua, chukueni onyesho la mchana, la usiku linaisha wakati mabasi hamna. Pigeni simu kabla, mkiwa kundi wanawatengea viti vya pamoja katikati, msikubali pembeni kulia, kuna nguzo inaziba nusu ya steji. Wabebeni na vitabu, sisi baada ya onyesho waigizaji walishuka wakakaa na wanafunzi kwenye ngazi, wakawa wanaulizana maswali huku kitabu kimefunguliwa, hadi dereva wetu akaanza kupiga honi. Chakula kipo, mama lishe wamepewa nafasi nyuma ya ukumbi, wali maharage na dagaa wa Kigoma, elfu mbili sahani na inajaa.