Uzoefu wangu na nakala za mawe ya mizani ya Bonde la Indus

Nilinunua seti hii kwa ajili ya somo la historia, nikitaka wanafunzi wapime kwa mikono yao badala ya kusoma tu kwamba wafanyabiashara wa kale walikuwa na vipimo. Kisandukuni mna mawe saba ya umbo la mchemraba, mtange wa mbao wenye vitanga viwili vya shaba, na kijitabu kifupi. Ni nakala za mawe yaliyofukuliwa Harappa na Mohenjo-daro, miji ya Pakistani ya leo iliyostawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi.

Uzuri wa seti umo katika mfumo wenyewe. Kila jiwe ni maradufu ya lililotangulia: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Dogo kabisa lina gramu 0.86 hivi, na lile la 16, ambalo ndilo lililopatikana kwa wingi zaidi, lina takriban gramu 13.7. Kwa mawe hayo saba, bila kurudia hata moja, mtu hupima kiasi chochote kuanzia kizio 1 hadi 127, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuliamini mpaka walipojaribu. Zaidi ya hayo, mfumo hujikagua: ukipima dengu zinazolingana na jiwe la kwanza, kisha ukaziweka pamoja na jiwe hilo kwenye kitanga kimoja, zinapaswa kulingana na jiwe la pili, na kwa njia hiyo mnunuzi asiyemwamini muuzaji angeweza kuyathibitisha mawe yote moja baada ya jingine. Tulipofanya hivyo, jiwe la 8 lilitoka jepesi kidogo. Kona yake ilikuwa imemeguka.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Mawe mengi ya asili yalichongwa kwa jiwe gumu la jamii ya gumegume na kusuguliwa vizuri, ilhali haya ni ya jiwe laini linaloacha vumbi mkononi, na kwa vipimo vidogo namna hii vumbi ni uzito unaopotea. Tena mtengenezaji amechonga tarakimu juu ya kila jiwe, ingawa ya asili kwa kawaida hayana maandishi. (Kuzifuta kwa msasa haiwezekani, kwani uzito nao ungepungua.)

Kijitabu hakisemi lolote kuhusu mawe ya mfumo huu yaliyofukuliwa Bahrain, nchi ya Dilmun ya kale, kwenye njia ya bahari ya kuelekea Mesopotamia (Iraki ya leo), ambako uzito ulipimwa kwa shekeli, na shekeli 60 zilifanya kipimo kikubwa zaidi kiitwacho mina. Ningependa seti iwe na jiwe la shekeli, la gramu 8.4 hivi, ambalo ni karibu vizio 10 vya Indus lakini havitimii. Wanafunzi wangeona hesabu iliyomkabili mfanyabiashara wa Dilmun.

Mizani yenyewe sina neno nayo, maana huinama kwa punje moja ya dengu. Atakayenunua ayafunge mawe kila moja katika kitambaa chake, kwa sababu kisanduku hakina vigawanyo na mawe hugongana.